Ukurasa Mmoja kwa Ofisi ya Meya

Mmeniomba ukurasa mmoja, historia ya soko la Kadutu,
uwe na tarehe, uwe na majina ya waheshimiwa.
Tarehe ninazo chache. Miaka thelathini na mmoja nimekata tiketi
kwa kila bidhaa iliyoketi chini,
na tiketi haikumbuki mwaka. Hukumbuka mvua.

Haya, andikeni:
wazee wa Kabare husema kilima hiki kilikuwa cha ng'ombe.
Wazungu walikaa kule chini, kwenye vidole vya nchi vilivyotumbukia ziwani,
wakaupa mji jina la mtu wao, jina refu
ambalo muuza ndizi hakuweza kulimeza wala kulitema.
Vibarua wakapandishwa huku juu, kwenye utelezi.
Jioni mwenye njaa akamuuzia mwenye njaa.
Ndiyo soko. Hakuna aliyekata utepe.

Halafu andikeni gigozi.
Kopo la maziwa ya mtoto, la bati, maandishi yamekwisha kwa vidole,
ambalo Nsimire M'Bisimwa alipimia maharage
tangu noti zilipokuwa na chui
hadi zilipokuwa na sufuri nyingi kuliko punje za kopo.
Pesa ikabadili jina. Nchi ikabadili jina.
Barabara ya kwenda Ibanda ikabadili mashimo tu.
Mteja akifika alisema vilevile: Mama, gigozi ngapi?

Msisahau sambaza za alfajiri, bado zina baridi ya ziwa,
na mananasi ya Idjwi yanayonukia kabla hujayaona,
na wanawake wa Walungu, kamba kwenye paji la uso,
gunia mgongoni, shingo imesimama kama mlango.
Kimashi cha kutukania, Kiswahili cha kupatania,
Kifaransa cha kumfukuza mtu wa kodi.
Huyo ni mimi.

Usiku ule soko lilipoungua
niliona mabati yakijikunja kama majani ya muhogo.
Asubuhi majivu yalikuwa bado ya moto
na wanawake walishafika, wanachora mipaka kwa visigino:
hapa ni pangu, pale ni pa Cirezi, pale ni pa marehemu, paacheni.
Wakatandika magunia. Wakaketi juu ya joto.
Nami nikaja na kitabu changu.
Nilikata tiketi. Zote.
Hilo pia mliandike, msilisafishe.

Mwaka wa askari wengi, gari halikupanda wala kushuka,
kila kopo sokoni lilipigwa nyundo kitakoni,
chini likainuka, kipimo kikapungua, mdomo ukabaki uleule.
Nilidhani la Nsimire halikuguswa.
Jioni moja nikasikia: ko, ko, ko,
nyuma ya kibanda, amejifunika kitenge kichwani kama anasali.

Kesho yake nilisimama mbele yake na macho ya serikali.
Alikuwa anampimia kijana wa shule.
Kopo likajaa. Akaongeza kiganja.
Kijana akasema, Mama, matabishi.
Akaongeza kiganja cha pili, kikamwagika,
akaokota punje moja moja kwenye tope akazitia mfukoni mwa kijana.

Nikamuuliza: unaiba chini, unarudisha juu, faida iko wapi?
Hakunitazama.
Chini ni njaa yangu, alisema. Juu ni jina langu.
Tiketi yako ni ngapi leo?

Waheshimiwa, nimetafuta majina yenu kwenye vitabu vyangu vya tiketi.
Hayamo; hamkuketi chini.
Kama mnataka sanamu ya jubilei, wekeni kopo,
kitako kimebonyea,
maharage yamezidi mdomo.

Ukurasa umejaa.
Mstari huu ni matabishi.